Acteur Ni Yule wa Nje

Bunia, Jumapili tarehe 4 Machi 2007

Kaka Ézéchiel,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema mtandao ni mbovu, halafu unakata. Karatasi haikatiki. Dereva Athanase anapita Ariwara wiki hii na shehena ya sabuni, nimemwambia akupe barua hii wewe mwenyewe.

Ijumaa mchana nilikuwa natwanga majani ya sombe nyuma ya nyumba, kijana akasimama kwenye lango la parcelle yetu. Hakubisha. Alisimama tu mpaka mama alipomwona. Mama akauliza, "Weye njo nani?" Akajibu, "Mama, njo miye Evariste. Minarudia." Mama akaangusha ungo na unga wote, akamkumbatia, na tangu hapo hajamwachia.

Mimi niliendelea kutwanga. Nilitwanga mpaka sombe ikawa maji, na sikusikia lolote ndani yangu.

Unajua tulivyofanya. Wenye bunduki wa msituni walimchukua kwenye njia ya Bule akiwa na ndama, ana miaka kumi na mitatu. Tulingoja, tukangoja, mpaka mtu akaja kusema ameuona mwili wake. Baba akasema imetosha. Tukakaa matanga, tukanyoa vichwa, tukasimamisha msalaba kule Bule ambao hauna mtu chini yake, na mtoto wako wa kwanza akapewa jina la mdogo wetu. Baba amekufa akijua jambo hilo limekwisha. Sasa kuna mtu mezani kwetu anayesema halijaisha.

Nimemjaribu, usidhani nimekaa tu. Nimemuuliza jina la ng'ombe aliyempiga Baba teke siku ya Noeli. Akalitaja. Nimemuuliza nani alikunywa maziwa ya padri. Akasema, "Miye. Na njo weye ulinifundisha." Ni kweli, na hakuna mwingine anayejua.

Kwa nini basi siamini? Kwa sababu Evariste wetu alikuwa mkorofi. Alikula chake akaangalia sahani ya mwenzake. Huyu anakula anachopewa, anasema aksanti, anaosha vyombo, hata vyetu. Analala karibu na mlango, na asubuhi blanketi limekunjwa kama hakuna aliyelilalia. Jana nilimmwagia maji ya moto mguuni, kwa bahati mbaya. Akasema, "Haina neno, Yaya," kama mdogo anavyomwita dada yake. Kila kitu kwake haina neno.

Mama anataka chakula cha kumpokea, ukoo wote uje. Lakini mtu aliyekwisha kuliliwa matanga harudi hivi hivi, unajua desturi yetu. Mkubwa wa nyumba lazima amwite kwa jina lake mbele ya watu, yeye aitike. Mkubwa ni wewe. Bila hivyo majirani watabaki kumwita "ule kijana", na hata mimi ndivyo ninavyomwita.

Basi njoo umtazame. Ukisema si yeye, nitamwondoa mwenyewe, mama alie asilie. Ukisema ni yeye, nitajaribu.

Mdogo wako,
Emerance


Ariwara, tarehe 15 Machi 2007

Emerance dada yangu,

Huku mvua imeanza na barabara ya Aru imekuwa uji. Wateja wote wanataka tairi za baiskeli na mimi sina.

Barua yako niliisoma dukani, kati ya mteja na mteja. Niliikunja, nikaendelea kufunga mnyororo wa baiskeli ya mama mmoja, na nikaufunga vizuri.

Unataka niseme kweli? Machozi ya Evariste nilikwisha kuyalia, na hayakubaki mengine. Nililia njia nzima kutoka Bule, nikalia kwenye matanga, na siku mwanangu alipopewa jina lile nilijisikia nimetua mzigo. Sasa mtoto anatembea. Ukimwita Evariste anakuja mbio. Nikija Bunia nikamwita mtu mwingine jina hilo mbele ya ukoo, mwanangu atakuwa nani? Jina si shati, unampa mtu halafu unamvua mwenye nalo akirudi.

Halafu upole huo unaousema. Hapa sokoni wako vijana waliotoka msituni, wanauza sabuni na sigara, wapole kuliko mashemasi. Nawasalimia kila siku. Hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Ndiyo amani yetu hiyo.

Mpe nguo, mpe chakula. Chakula cha ukoo kingoje. Na usipige simu ya nyumbani, maana Musoki ndiye anayeipokea na sijamwambia kitu. Akijua mke wangu, atakuwa ameshapanda gari kuja kumwona.

Kaka yako,
Ézéchiel


Bunia, Jumapili ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 2007

Kaka,

Pasaka njema. Tulikula kuku. Ule kijana alichagua shingo, na Evariste wetu alikuwa akigombania paja mpaka anapigwa.

Amepata kazi. Huko alikokuwa, karibu na mpaka wa Uganda, alijifunza Kiingereza, na Anaclet mwenye salle ya video nyuma ya soko amemchukua kuwa msemaji wa film. Wewe uliondoka kabla mambo haya hayajashika huku. Film inakuja kwa Kiingereza, watu hawaelewi, basi msemaji anakaa kando ya televisheni na mikrofoni, anaisema yote kwa Kiswahili chetu. Wengine wanaongeza chumvi mpaka hujui tena film ilikuwa ya nini. Monique jirani yetu anasema huyu wetu anasema kidogo, lakini watu wanajaa.

Kuna jambo lingine. Aliiona picha ya mwanao, ile mama aliyoitundika juu ya kabati, na jina limeandikwa chini. Akaisoma. Akauliza, "Uyu ni nani?" Mama akamwambia yote, msalaba, matanga, jina. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka apige kelele, avunje kitu, nimjue. Akaiangalia picha tena, akasema, "Iko mutoto muzuri," kisha akaenda kuosha vyombo.

Kaka, siwezi kukaa na mtu ambaye hakasiriki. Utakuja lini?

Emerance


Ariwara, tarehe 27 Aprili 2007

Emerance,

Siwezi kuja. Usiniulize tena lini.

Nimepata njia. Unamkumbuka Ambroise niliyesoma naye? Yuko Epulu, kwenye kazi ya kuhifadhi wanyama, na wanatafuta vijana wa kukata njia msituni. Nimemwandikia, amekubali kumpokea. Ni kazi ya heshima, ana mahali pa kulala, na msitu si kitu kigeni kwake. Mwambie ni kwa faida yake. Kwa jinsi unavyomweleza, atakubali.

Mama atazoea. Alizoea mara ya kwanza.

Ézéchiel


Bunia, Jumatatu tarehe 21 Mei 2007

Kaka Ézéchiel,

Nilimwambia habari ya Epulu. Ulisema kweli, alikubali. "Haina neno, Yaya. Gari inaenda siku gani?" Nikamwambia Jumanne, ndiyo kesho. Nikamfulia nguo zake. Nilikuwa nimetulia kabisa, kama mtu anayetayarisha mgeni kuondoka.

Lakini jana mama alitaka kumsikia akifanya kazi kabla hajaenda. Tulipotoka kwenye misa tukaingia kwa Anaclet, mama, Monique na mimi. Nataka nikueleze film tuliyoiona. Nimefikiri mpaka leo kwa nini imenishika hivi, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Unajua sisi film za kutisha hazitutishi. Monique amezika watu wake kwa mikono yake mwenyewe; akiona kwenye televisheni mashine inakata watu vichwa, anacheka huku anatafuna karanga, anasema damu ya wazungu ni nyekundu mno. Salle nzima inacheka. Damu tunaijua.

Film ya jana haikuwa na damu hata tone moja. Ni watu wanaochimba mawe kwenye dunia nyingine, mbali huko juu. Nje ni vumbi tupu na hewa inaua, ndani ni vyuma na taa. Mmoja anatoka kutengeneza kitu, vumbi linamfunika, haonekani tena. Wanamtafuta, wanamlilia, wanatundika kofia yake ukutani, mwingine anapewa kitanda chake. Zinapita siku nyingi kuliko mtu anavyoweza kuishi nje. Halafu wanasikia mlango, naye yuko pale, mzima, anatabasamu. Basi. Hafanyi kitu kibaya hata kimoja. Anajua majina yao, anajua mizaha yao, anasaidia kazi kuliko zamani. Nilingoja damu film nzima. Nilingoja amshike mtu shingo, meno yatoke, kitu kionekane tujue ni shetani na tuwe na raha. Haikuja. Na kila alivyozidi kuwa mwema ndivyo nilivyozidi kumwogopa. Nafikiri ndiyo kazi ya film ile: inakuachia wewe umtengeneze huyo shetani mwenyewe, kwa mikono yako, nawe unajua kumtengeneza.

Sasa nikuambie alichofanya huyu wetu. Desturi ya salle ni kwamba, kabla ya kitu chochote, watu wanapiga kelele, "Acteur njo nani?" Acteur ni yule mwenye film, yule ambaye hafi. Msemaji akishamwonyesha, watu wanatulia. Wengine wafe wanavyotaka, acteur atafika mwisho. Jana kila mtu alidhani ni yule mama aliye mkubwa wa kituo chao, mwenye bastola na sura ya kuamuru. Ni yeye anayeonekana toka mwanzo, na wenyewe waliotengeneza film wamekuweka ndani pamoja naye, unaogopa anachoogopa. Lakini kijana akashika mikrofoni akasema, "Acteur njo ule anatoka inje."

Anaclet mwenyewe akageuka kumtazama. Lakini neno la msemaji halirudi. Salle yote ikahamia kwake, kule nje.

Hakusema mengi. Wasemaji wengine hawanyamazi hata mtu akiwa amelala, yeye aliacha watu wasikie ile mashine ya hewa inavyopumua. Alisema pale tu palipohitaji, na alisema "mi", kama ni yeye. "Bananiuliza jina ya mama yangu. Minabaambia. Banaangaliana." Halafu, "Bananiuliza mambo ya utoto. Minabaambia yote. Sasa njo banaogopa sana." Uso uliniwaka. Nilikumbuka ng'ombe wa Noeli na maziwa ya padri. Sikuweza kumtazama mama.

Mwisho wake ni huu. Wanamwambia kuna kitu kimeharibika nje, twende wote. Anavaa, anatangulia. Milango ni miwili. Yeye akishavuka wa pili, wao wanarudi ndani na kuufunga. Anageuka. Kuna kioo. Anawaona, wanamwona. Anaelewa. Na habishi, Kaka. Anasimama tu.

Salle ililipuka. "Bamufungulie!" "Acteur hawezi kufa!" Mzee mmoja alisimama juu ya benchi, akamtukania msemaji mama yake, eti amedanganya, huyu si acteur. Mtu wa kule nje akafungua mdomo, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Watu wakanyamaza. "Anasema nini? Anasema nini?"

Ule kijana alikaa na mikrofoni mkononi. Halafu akasema, "Anasema, haina neno."

Film ikaisha hapo. Hatukujua kama alikuwa mtu au si mtu. Ile mashine ya umeme, groupe, ilikuwa inanguruma nyuma ya mabati na hakuna aliyeinuka. Monique hakucheka. Kwenye mabenchi yale walikuwepo watu wa upande wetu na wa upande ule tuliopigana nao, wanaouziana viazi kila siku bila kutazamana usoni, na wote walikuwa wanaangalia televisheni iliyozimika.

Sijui kama ndivyo alivyosema mzungu yule. Sijui Kiingereza. Ninachojua ni kwamba sisi tulimkuta huyu kijana mezani, tukaingoja damu kwa miezi, na haikuja, na kwa sababu haikuja tukampangia safari ya Epulu.

Nilimkuta nje akikunja waya za Anaclet. Akauliza, "Yaya, gari ya Epulu iko Jumanne asubui?" Nikasema, "Gari haiendi." Akasema haina neno. Nikamwambia, "Iko neno, Evariste." Aliacha kukunja waya. Ni mara ya kwanza namwita jina hilo tangu arudi, na lilinitoka vibaya, kwa sauti ya kukaripia, kama zamani alipokuwa ameiba kitu. Akacheka kidogo. Jino la pembeni limepanda juu ya mwenzake, Kaka, kama la Baba. Lilikuwepo siku zote hizi na nilikuwa siliangalii.

Usidhani nililia. Sikulia wala sikumkumbatia. Ndani bado pamekufa ganzi, kama mguu uliolaliwa. Lakini najua ni mguu wangu.

Wewe hukuja, basi yeye anakuja. Anayekupa barua hii mkononi ni yeye. Hajui nilichoandika; nimemwambia tu akupe wewe na angoje. Mimi sina uwezo wa kumwita mbele ya ukoo, uwezo huo unao wewe. Mwanao ataendelea kuitwa Evariste, nyumba haitaanguka kwa kuwa na wawili. Usimwache amesimama nje.

Emerance


Ariwara, Jumamosi tarehe 26 Mei 2007

Emerance,

Barua nimeipata. Amekuja mchana huu, mvua inakaribia. Nilikuwa nyumbani, nimefunga duka mapema. Nilisikia mbwa, nikaenda kwenye lango, nikaona kijana mrefu mwenye mfuko. Akanipa bahasha kwa mikono miwili. Sikumuuliza jina. Nilimwambia, "Ngoja apa kwanza nisome," nikafunga lango, nikaingia ndani.

Nimesoma yote mara mbili. Mvua sasa inanyesha. Kutoka dirishani namwona amesogea chini ya ukingo wa paa la jiko la jirani, mfuko ameuweka kifuani usilowe. Hajabisha. Hata mbwa amenyamaza.

Nilichukua karatasi ili nikujibu, kabla sijafanya kitu kingine. Nilitaka kukuandikia kwamba film ni film, na kwamba wewe ni mtu wa kushikwa na mambo. Nimeanza sentensi hiyo nikaifuta. Anasimama kama Baba, mguu mmoja umelegea. Niliona pale langoni, kabla sijafungua bahasha. Naandika hivyo na bado sijainuka. Nauambia mwili uinuke, hausikii.

Musoki ametoka chumbani. Ameuliza, "Kuko nani inje kwa mvua?" Nilitaka kusema ni mteja. Nikasema, "Evariste." Akasema, "Evariste iko analala apa chumbani." Nikamwambia, "Ule mwingine. Ule wa kwetu."

Amenitazama, halafu ameitazama karatasi hii. Hakuvaa hata viatu. Amekwenda yeye kufungua, maana mimi nimekaa, naandika. Nasikia komeo. Nasikia anamwambia, "Ingia, shemeji, ingia, unalowa."

Wako mlangoni. Acha niweke kalamu.

Ézéchiel


Ariwara, Jumapili tarehe 27 Mei 2007

Yaya Emerance,

Barua ya Kaka na yangu zinakuja pamoja na Athanase. Mimi sijui kuandika mingi.

Nilifika muzuri. Barabara ilikuwa mbaya lakini gari haikulala njiani. Mama Musoki alinipikia samaki na ndizi za makemba, na alinipa shuka la kujifunika. Nilikula vipande viwili vya samaki, halafu niliomba cha Kaka. Alinipa. Alikuwa ananiangalia sana wakati nakula.

Leo asubuhi mutoto aliniuliza jina. Nilimwambia, iko sawa na yako. Alifurahi, alikimbia kuambia mama yake kwamba tuko wawili. Kaka alikuwa kwa meza. Aliita, "Evariste." Tuliitika wote. Kaka alisema tutakuja Bunia wote mwezi wa Juni kwa ile chakula ya mama. Mwambie atafute kuku wakubwa.

Mwambie pia asiwe na wasiwasi juu ya mvua. Sikukaa inje. Nilipiga hodi mara moja tu, na Kaka njo alinifungulia. Alikuja mbio, hata viatu hakuvaa. Kama yeye ameandika ingine, haina neno, msemaji njo miye.

Mudogo wako,
Evariste